Pointi Mia Moja

Daftari la Nzanzu lina kurasa za miti,
kurasa za wanyama wenye vichwa viwili,
na ukurasa mmoja alioubandika kwa gundi ya viatu
ili mtu asiusome kabla ya wakati:
Nguvu za Kumaliza.

Kukausha ziwa, pointi arobaini.
Kuzima jua, sabini.
Kuvunja dunia yote, nchi na mbingu zake, mia moja,
na mchawi abaki bila jina.

Tunacheza Jumamosi, kule Buhene, nyuma ya nyumba yao,
juu ya jiwe jeusi ambalo hakuna nyundo iliyoliweza.
Mama yao anaanika sambaza upande mmoja,
sisi tunaanika falme upande wa pili.
Dadu ni ya mwamba uleule. Nzanzu aliisugua wiki mbili.
Imelemea upande mmoja, inapenda nne,
sote tunajua na hakuna anayesema.

Kavugho ndiye mchawi. Mshona-Giza, anajiita.
Jumamosi tisa alikusanya pointi kama mtu wa likelemba:
hakununua upanga, hakununua hata kiatu,
na mkate wa safari nilimkopesha mimi, mfinyanzi
mwenye nguvu moja tu, ya kuziba nyufa za vyungu.
Siku ile akasimama, akakung'uta vumbi kwenye kitenge.
"Mia. Hesabu."
Nzanzu akahesabu. Mara mbili.
"Basi navunja."
"Unavunjaje?"
"Vile iliandikwa."
"Haikuandikwa vile. Imeandikwa bei."

Tukaanza kubishana kama wataalamu.
Mbingu iwe rangi gani? Nyekundu,
lakini si ya damu, ni ya sufuria iliyosahaulika motoni.
Sauti gani? Hakuna. Mbwa wote wananyamaza pamoja.
Watu wabebe nini? Godoro. Cherehani juu ya chukudu.
Mlango, nikasema mimi: baba aling'oa mlango
akaukimbiza hadi Sake, nyumba akaiacha wazi,
kana kwamba moto hupiga hodi.
Nzanzu aliandika upesi upesi, kisha kalamu ikapunguza mwendo.
Hatukuwa tunabuni tena.

Ndipo Ombeni, ambaye kazi yake ni kuokota dadu,
aliyekuwa mgongoni mwa mama yake usiku ule wa Mei,
akasema bila kuinua uso:
"Mulima haikuhesabu pointi."

Hakuna aliyegeuka kuutazama.
Hapa kwetu huutazami. Unajua uliko,
kama unavyojua alipo mtu anayekudai.

Kavugho akarusha. Nne.
Akaivunja dunia.

Sitaeleza. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai.
Falme, ziwa, wanyama wenye vichwa viwili,
mkate wangu ambao sikulipwa.
Alipomaliza akaketi, akaomba maji.

Tulidhani Nzanzu atafunga daftari.
Akalamba kidole, akafunua ukurasa mweupe:
"Siku ya tatu. Mawe bado yana moto ndani.
Watu wamerudi na kamba, wanapima.
Kila mmoja anasema kiwanja chake kilikuwa hapa.
Wewe, mwanamke usiye na jina, una karatasi?"

"Karatasi ya nini?"
"Ya kiwanja."
"Mimi ndiye niliyevu..."
"Unayo au huna?"

Tulicheka mpaka mama yao akatoka na mwiko.
Kavugho naye alicheka, kisha akaacha ghafla,
akanigeukia.
"Mfinyanzi. Wewe umebaki na nini?"
Kuziba nyufa.
"Bei gani?"
Pointi mbili kila ufa. Ninazo sita.

Akaonyesha kwa kidole jiwe tulilolikalia:
ufa unaoanzia chini ya sambaza,
unapita kati ya magoti yetu hadi ukutani kwa jirani,
na asubuhi za mvua bado unapumua.
"Anza na huu."

Nikanyoosha mkono kuomba dadu.
Ombeni alikuwa ameifumbata
na hakutaka kuitoa.